Neno Lililomezwa na Mtandao

Kwa miaka ishirini na sita alizalisha wanawake kwa mikono yake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa Jumanne moja asubuhi, akiwa amekaa kitini nyumbani kwake, kandambili miguuni.

Watu wote walimwita Mkunga, hata mumewe. Aliondoka wodini baada ya kuteleza kwenye korido iliyotoka kupigwa deki na kuvunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini kusimama kutwa nzima akizalisha hakukuwezekana tena. Alikaa miezi minane akihesabu mabati, akiona maisha yake yameishia hapo, mpaka alipopata kazi kwenye huduma moja ya ushauri wa uzazi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nesi aliye peke yake kwenye zahanati ya mbali akikwama na mzazi, anapiga simu ya video, na upande wa pili anatokea mtu aliyekwisha kuyaona mengi, anamwelekeza hatua kwa hatua. Mkunga alifanya kazi hiyo kwenye chumba kilichokuwa stoo. Alikuwa na meza, kompyuta, spika za masikioni na mkongojo wake ukutani. Zamu yake ilikuwa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri.

Nyumba ilikuwa na watu wanne. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alishona na kukarabati makochi kwenye kibanda mbele ya nyumba. Binti yao wa miaka kumi na mitatu waliyembatiza Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, alikuwa nyumbani shule zimefungwa. Na chumba cha nyuma alikaa mama mkwe, mwanamke mpole wa miaka sabini na kitu, mjane, ambaye kipenzi chake duniani baada ya mwanawe kilikuwa tamthilia. Fundi alimnunulia televisheni yake mwenyewe, na kisanduku kidogo cheusi cha kuchomeka nyuma yake, kinachovuta filamu kutoka kwenye intaneti. Nyumba nzima ilitumia intaneti moja, kutoka kwenye ruta moja iliyowekwa juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyeifikiria. Ilikuwa inawaka taa, basi, inafanya kazi.

Jumanne hiyo simu iliita saa nne na dakika chache. Ilitokea sura ya nesi kijana, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Simu yake alikuwa ameifunga kwa bandeji kwenye stendi ya dripu, ili mikono yake ibaki huru.

"Mama, niko peke yangu na mhudumu. Mtoto ametoka salama, huyo analia. Lakini kondo la nyuma halijatoka, dakika arobaini sasa. Na damu inatoka."

"Sindano ya kukaza kizazi umechoma?"

"Nimechoma."

"Kibofu umekitoa mkojo?"

"Bado."

"Anza na hapo. Na gari la wagonjwa?"

"Limeitwa. Wamesema saa nzima."

Mkunga alisogeza uso karibu na kioo. Aliona shuka, aliona doa la damu linalopanuka polepole pembeni ya goti la mzazi, na mguu wa mzazi ukitikisika. Alianza kuhesabu kichwani damu iliyopotea, kama alivyozoea. Ndipo akamwona nesi akikizungusha kitovu kwenye vidole vyake viwili, kama mtu anayejiandaa kuvuta ndoo kisimani.

"Usivute!" Mkunga alisema. "Usivute kitovu!"

Picha ikaganda. Kisha ikavunjika vipande vipande vya mraba, vyekundu na vyeupe, na mkono wa nesi ukabaki umenasa katikati, vidole vimeshika kitovu. Sauti ikaja kwa mikato.

"Ma… sijaku… nini? …vute?"

"Usivute! Nimesema usivute!"

Kimya. Halafu, safi kabisa, kana kwamba nesi yuko chumbani humo humo, likaja neno moja: "Sawa."

Simu ikakatika.

Mkunga alibaki ametumbua macho. Alilirudia neno lake mwenyewe mdomoni. Usivute. Ukiondoa mwanzo wake, kinabaki nini? Vute.

Alinyakua mkongojo na kutoka. Sebuleni Kasuku alikuwa amejilaza akitazama katuni kwenye televisheni kubwa. Mkunga hakutafuta rimoti, aling'oa waya ukutani. "Mama!" Kasuku aliruka. "Nimefanya nini?" Mkunga alikuwa amekwishafika mlangoni. Kibandani, tableti ya Fundi ilikuwa inaonyesha marudio ya mpira huku yeye anapigilia misumari. Mkunga aliizima na kuifunika kifudifudi. Kisha chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo zake kitandani, na televisheni yake ilikuwa nyeusi tii.

"Mimi nimezima tangu saa tatu, mwanangu," alisema, akishtushwa na uso wa mkamwana wake. "Kuna nini?"

Mkunga alirudi stoo akiburuta mguu. Alipiga. Haikupokelewa. Alipiga tena, na tena, mara kumi na moja kwa hesabu yake. Alimpigia msimamizi wake, naye akaahidi kuhimiza gari la wagonjwa. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya.

Watu wasiofanya kazi ile hawajui hofu yake ilikuwa ya nini hasa. Kitovu kikivutwa kwa nguvu wakati kondo limeng'ang'ania, kizazi kinaweza kugeuka ndani nje, kama mkono wa shati unaovuliwa kwa haraka. Mkunga alikuwa ameliona jambo hilo mara moja tu maishani, kwenye wodi iliyokuwa na daktari na damu ya kuongeza, na bado yule mwanamke hakufika jioni. Sasa alimwona tena, kila alipofumba macho. Alijaribu kupokea simu nyingine, akaiacha ikiita mpaka ikakatika. Msimamizi alimwambia apumzike, asipokee simu yoyote mpaka intaneti ya kwake itengenezwe.

Saa tisa alasiri nesi alipiga kwa simu ya kawaida. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Tumefika hospitali. Yuko chumba cha upasuaji. Hana fahamu."

"Ulivuta?"

"Mama, si ulisema vute? Nilikuuliza, ukasema vute. Mara mbili. Nikavuta. Kikakatikia mkononi mwangu."

Mkunga aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikosea?" nesi aliuliza, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Mama? Nilikosea mimi?"

"Hukukosea wewe," Mkunga alisema. "Sikiliza, si wewe. Nilisema usivute. Mtandao ulikula neno."

Alipokata simu alitoka sebuleni, na yale aliyoyabana tangu asubuhi yakatoka yote kwa pamoja. "Kuna mwanamke yuko kufani!" alipiga kelele. "Ana mtoto wa saa tano! Yuko kufani kwa sababu humu ndani kila mtu ana kioo chake anachokodolea macho!" Kasuku alianza kulia. Fundi alisimama mlangoni na nyundo mkononi, asijue aiweke wapi. Mama mkwe alikuja taratibu kutoka nyuma, akaegemea ukuta, akasikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake alikuja fundi wa mtandao, mwanamke mwembamba mwenye begi mgongoni, ambaye mtaani walimwita Dada Waya. Alifungua kompyuta yake ndogo juu ya meza ya kulia, akaingia kwenye ruta, na kuwaonyesha orodha ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Kila kifaa cha nyumba hiyo kilikuwa na mstari wake, na kimekula kiasi gani cha intaneti, saa kwa saa.

"Mnapata megabiti ishirini kwa sekunde," alisema. "Hiyo ndiyo njia yenu, upana wake ni huo. Sasa hebu tuitazame jana saa nne. Televisheni ya sebuleni, tano. Tableti, mbili, hiyo si kitu. Halafu kuna kifaa hiki hapa, peke yake kinavuta kumi na mbili, tangu jana saa moja asubuhi mpaka leo hii. Hakikupumzika hata dakika. Hiki ni nini?"

Wote walinyanyua shingo. Kilikuwa kile kisanduku cheusi cha mama mkwe.

"Lakini mimi nilizima," mama mkwe alisema. "Haki ya Mungu, nilizima."

"Ulizima kioo, bibi," Dada Waya alimwambia kwa upole. "Kisanduku kina moto wake. Ukizima televisheni chenyewe hakijui, kinaendelea kucheza. Sehemu ikiisha kinaanza nyingine, kimewekwa hivyo kiwandani. Na kimeachwa kwenye picha kali kuliko zote. Kimekuchezea tamthilia kutwa kucha, chumbani hakuna wa kuangalia."

Mama mkwe alikaa chini. "Kumbe ni mimi," alisema. "Nimeua mtoto wa watu."

"Hajafa, Mama," Fundi alisema.

"Bado hajafa." Aliinuka, akaenda chumbani kwake. Walimsikia aking'oa waya mmoja baada ya mwingine: televisheni, kisanduku, feni, hata taa ya kando ya kitanda.

Mkunga hakumfuata. Ukweli ni kwamba moyoni alipata nafuu fulani, ya kumpata mtu wa kulaumiwa. Nafuu hiyo haikudumu.

"Ila kuna kitu hakijakaa sawa," Dada Waya alisema, safari hii akiongea na Mkunga peke yake, maana Fundi alikuwa amekwenda kumtuliza mama yake. "Kisanduku na televisheni vinavuta kuja ndani. Ndiyo maana picha ya nesi ilikuvunjikia wewe. Lakini sauti yako ilikuwa inatoka. Njia ya kutoka ni nyingine, nyembamba zaidi, na kwa intaneti yenu ni mbili tu. Filamu haziigusi kabisa. Kuna kitu kingine kilikuwa kinatoa mzigo nje saa ile ile." Aliteremsha orodha kwa kidole. "Simu. Ilianza saa tatu na nusu, ikamaliza saa sita. Inapandisha video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hii ya nani?"

Mkunga aliusoma mstari ule. Ilikuwa simu yake.

Alikumbuka kila kitu mara moja. Jumatatu alikuwa amekwenda kwenye mahafali ya mtoto wa dada yake na kurekodi dakika hamsini, hotuba na ngoma na kila kitu. Asubuhi ya Jumanne, kwa kuwa chaji ilikuwa imebaki kidogo, aliichomeka pale pale mezani, sentimita chache kutoka kwenye kiwiko chake. Na simu, kwa kuona iko kwenye chaji na waifai ipo, ikaanza kuzituma video zake kimya kimya, kama ilivyoagizwa na yeye mwenyewe siku alipoinunua na kukubali kila ilichouliza.

"Yangu," alisema.

Dada Waya aliinamisha kichwa na kuendelea na kazi. Alitoa waya mrefu kutoka kwenye begi, akaupitisha juu ya milango mpaka stoo, kompyuta ya Mkunga isitegemee waifai tena. Kwenye ruta akaagiza kompyuta hiyo itangulie mbele ya vifaa vyote, iwe inaingia au inatoka. Televisheni zote akazishusha kwenye picha ya wastani, akazima ile tabia ya kuanza sehemu nyingine yenyewe, na kila kifaa akakipa kiwango ambacho hakiwezi kukivuka saa za kazi. Simu zote akazikataza kupandisha chochote kabla ya saa kumi na moja jioni. "Na wewe kwenye simu zako za kazi uzime kamera yako," alimwambia Mkunga. "Wao ndio unaotaka kuwaona. Sura yako wanaifanyia nini?"

Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu. Kitu cha saa moja na nusu, Mkunga aliwaza, na mimi nimekaa hapa mwaka mzima.

Alikusudia kumwambia mama mkwe siku hiyo hiyo. Hakumwambia. Alijiambia bibi amelala. Alijiambia atangoja habari za hospitali kwanza. Aliogopa, na kila saa iliyopita ilimwongezea jambo la pili la kuogopa. Nyumba ilikuwa imebadilika. Kasuku alitembea kwa ncha za vidole na kubisha hodi kuuliza kama anaruhusiwa kuchaji kalkuleta. Fundi alizima redio ya kibandani, redio ya betri isiyohusiana na lolote. Mama mkwe alikaa chumbani mapazia yameshushwa, mikono mapajani, sahani ya chakula inarudi kama ilivyokwenda. Mkunga alipopita, swali lilikuwa moja tu.

"Yule binti wa watu, vipi?"

"Bado hatujui, Mama."

Alhamisi alasiri nesi alipiga. Mzazi alikuwa amezinduka. Walimwongeza damu chupa tano, kondo lilitolewa kwenye chumba cha upasuaji, na kizazi chake hakikudhurika. Kukatika kwa kitovu ndiko kulikomwokoa, daktari alisema. Kingekuwa imara zaidi kidogo, mambo yangekuwa mengine. "Ameuliza mtoto yuko wapi," nesi alisema. "Kisha akaomba maji."

Mkunga alilia, akajifuta, akaenda chumba cha nyuma kabla woga haujamzuia. Alikaa kitandani kando ya mama mkwe.

"Mama, yuko hai. Yeye na mtoto."

Bibi alifumba macho.

"Na kuna jingine. Si kisanduku chako kilichomeza neno langu. Ni simu yangu. Ilikuwa inatuma video. Nimelijua tangu jana, nikakuacha ukae hivi."

Mama mkwe alimgeukia. Mkunga alikuwa tayari kwa lolote, hata kufukuzwa mle chumbani. Bibi aliuliza, "Tangu jana saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Mimi sijala tangu asubuhi hiyo," mama mkwe alisema. Aligeuza uso ukutani, na Mkunga akajua kwamba neno hilo atakaa nalo. Jioni hiyo, hata hivyo, sahani ilirudi tupu. Ijumaa mapazia yalifunguliwa. Jumamosi bibi alimwita Kasuku amchomekee televisheni, na dakika kumi baadaye akasikika akilalamika kuwa kwa picha hii mpya hajui bwana harusi ana macho au hana.

Msimamizi naye aliambiwa yote, simu na video na mahafali. Mkunga alingoja kusikia kazi imekwisha. Msimamizi aliandika, akamwuliza maswali mengi, akajaribu intaneti yake mara tatu, kisha akamwambia arudi Jumatatu. Mkunga ndiye aliyeongeza sharti la kwake. Wikiendi nzima alikaa na daftari akiandika upya maelekezo yake yote, akiondoa kila neno linaloanza na "usi". Usivute likawa "achia kitovu". Usimnyanyue likawa "abaki amelala". Alitaka maneno ambayo, hata yakikatwa nusu, nusu inayobaki haiwezi kumdhuru mtu. Mengine yalimshinda, akayawekea alama nyekundu.

Jumatatu saa tano simu iliita. Mkunga aliitazama ikiita. Kwa sekunde moja alidhani atainuka na kuondoka, akalale, ajifanye mgonjwa. Alibonyeza.

Alikuwa nesi mwingine, mwanamume, zahanati nyingine. Damu nyingi baada ya kujifungua, kondo bado. Mkunga alihisi kama mtu anamrudisha kwa nguvu kwenye chumba kile kile. Picha ilikuwa ya wastani lakini haikukatika. Alimwona nesi akipeleka mkono kwenye kitovu.

"Achia kitovu," alisema. "Achia. Nyanyua mikono yote miwili, nione viganja."

Viganja viwili vyenye glavu za damu vilipanda juu.

"Niambie nimesema nini."

"Niachie kitovu."

"Vizuri. Sasa kibofu."

Ilichukua dakika ishirini na tano. Kondo lilitoka lenyewe, zima. Alimwambia nesi alisogeze kwenye simu, na akaweza kuuona ukingo wake wote bila kipande kilichopungua. Damu ilisimama. Mzazi, mwanamke mwenye mwanya, aligeuza kichwa akauliza ni nani huyo anayeongea, nesi akamwambia ni mkunga, mzazi akaiambia asante ile simu isiyo na sura.

Mkunga alikata, akaandika ripoti, akaomba nusu saa ya kupumua. Alitoka kwa mkongojo mpaka kibandani na kukaa juu ya kochi lililokuwa bado mbao na springi. Fundi alimwona, akaiacha nyundo.

"Amekufa?"

"Hapana. Wote wazima."

"Sasa mbona unatetemeka hivyo?"

Mkunga alitazama mikono yake. "Sijui. Nafikiri itakuwa hivi kila siku."

Fundi alifagia misumari iliyokuwa imetapakaa kwenye kochi kwa kiganja, akaketi kando yake, na springi zikalia chini yao.